Udongo wa Chini

Mashimo mawili yalichimbwa asubuhi, moja kila upande wa mtaro, na wageni wa kituo cha utafiti wa kilimo walipofika, wachimbaji walikuwa wamekwisha kunawa na kuketi kwenye kivuli cha nyumba. Mmoja wao alikuwa akijifunga kitambaa kiganjani. Shimo la upande wa pili lilikuwa limemchubua.

"Ule si udongo," alimwambia mwenzake. "Ule ni moyo wa tajiri."

Mama Pacha aliwasikia kutoka jikoni, akacheka kwa pua, akaendelea kumimina chai kwenye chupa. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Fundi, alikuwa barazani amesimama kando ya cherehani yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Baraza hilo ndilo lililokuwa duka lake. Kutwa alikaa hapo akikanyaga pedali, na kila alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa shamba, na ndani ya shamba, mke wake.

Wageni walitanguliwa na Bibi Shamba, mama wa makamo mwenye miwani na magoti mabovu. Alianza kuja hapa akiwa msichana aliyetoka chuoni, kabla pacha hawajazaliwa, na sasa pacha wenyewe walikuwa wasichana wa sekondari, wanalala bwenini. Ombi lake la siku zile lilikuwa jepesi kusema. Kila msimu, kabla ya mvua, upande wa Fundi unyunyiziwe jasi, unga mweupe wa madini, na kuwekwa samadi, juu juu tu, bila kuchimba. Upande wa pili, ambao ulikuwa fungu la kaka yake Fundi aliyekuwa akifanya kazi mjini, usiguswe kwa chochote, uwe wa kulinganisha. Alitaka kujua kama kinachowekwa juu kinaweza, miaka ikipita, kubadilisha mfinyanzi wa chini ambako jembe halifiki.

Kituo kilileta jasi. Samadi ilikuwa juu ya mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa na cherehani. Kwa hiyo Mama Pacha aliisomba yeye, kwa toroli na kwa kichwa, kutoka kwenye mazizi ya watu, akiwa na mimba, akiwa na watoto mgongoni, akiwa na homa. Jasi aliitawanya kwa mkono. Majirani walimtania kwamba analipaka shamba poda kama mtoto aliyetoka kuoga, na kwa muda mrefu watoto wa njiani walimwita Mama Poda.

Bibi Shamba aliwaonyesha wageni shimo la upande wa kaka kwanza. Ukuta wake uling'aa kama sabuni iliyokatwa kwa kisu. Mizizi ya magugu ilishuka kiasi cha kiganja, ikagonga, ikageuka na kutambaa pembeni. Alimwaga ndoo ya maji ndani. Maji yakakaa kama yaliyo kwenye sufuria.

Kisha wakavuka mtaro. Katika shimo la upande wa Mama Pacha udongo wa chini ulikuwa umekatika vipande vidogo vidogo kama makombo ya mkate. Mizizi ya mahindi ilipenya katikati yake hadi chini kabisa, na mlikuwa na vijia vya nyungunyungu, vyembamba, vinavyong'aa. Bibi Shamba alimwaga ndoo ya pili. Wageni waliinama kuangalia. Maji yakaingia na kuacha unyevu tu.

"Hakuna aliyechimba huku," alisema. "Mvua ndiyo iliyoishusha jasi, msimu kwa msimu. Chumvi iliyokuwa inaufanya udongo huu ujifunge ikasukumwa chini zaidi. Halafu mizizi ikapata njia, ikifa inaacha tundu, na maji yanapita kwenye tundu hilo."

Nyuma ya wageni alisimama mtu aliyevaa viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi. Huyu alikuwa kaka yake Fundi, Karani, aliyestaafu na kurudi nyumbani na mkewe mwisho wa kiangazi.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Na mtu akiacha kuweka huo unga?"

"Juu kutaharibika upesi. Chini, hapana. Kilichojengwa polepole hubomoka polepole. Hata ukiacha leo, kutakaa vizuri miaka."

Karani aliitika kwa kichwa.

Mkuu wa kituo alipanda barazani, akaushika mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili. "Hongera sana, bwana. Hii ni kazi ya subira."

"Ahsante, mkuu," alisema Fundi.

"Aliyefanya kazi ni mama huyu hapa," alisema Bibi Shamba.

Mkuu aligeuka, akamwona Mama Pacha na chupa yake. "Ahsante sana, mama," alisema. "Chai inanukia kweli."

Wageni walipoketi kunywa, Mama Pacha alivua kandambili, akashuka ndani ya shimo lake. Hakuwahi kuona kilichokuwa huko. Alisukuma kidole gumba kwenye ukuta, na ukuta ukamkubalia. Alivunja kipande, akakinusa, akakirudisha mahali pake na kukigandamiza kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Alipoinua macho aliona viatu vya ngozi kwenye ukingo.

"Shemeji," alisema Karani, "usije ukaangukiwa humo."

*

Siku chache baadaye Karani alileta suruali ya kupunguzwa. Alisimama juu ya kigoda barazani huku mdogo wake amepiga magoti mbele yake, anakunja pindo na kulibana kwa pini. Pini nyingine alikuwa amezishika kwa midomo, kama kawaida yake, vichwa vimejipanga nje.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa maisha yake yote kwenye nyumba za kupanga akijiambia kwamba ana kwao, na sasa amefika kwao akakuta sabuni iliyokatwa kwa kisu. Kifua cha mkewe hakikuwa kizuri. Kiinua mgongo kilikuwa kimeishia kwenye mabati na mlango. Vijana wa hapo walikuwa wameanza kumuuliza, kwa heshima yenye meno, atapanda nini.

"Unajua mimi na wewe hatukugawana," alisema akiangalia mbele. "Baba alisema tu, wewe kaa huku, yeye akirudi atakaa kule. Mimi sikuwepo. Mkubwa ndiye huchagua, hilo hata mtoto analijua."

Fundi aligeuza pindo la mguu wa pili.

"Sikuja kukunyang'anya. Tunabadilishana tu. Kipimo ni kile kile, mtaro ni ule ule. Wewe una ufundi, mkono wako unakulisha. Mimi nina nini? Kalamu hailimi." Alicheka kidogo. "Unanisikia, mdogo wangu?"

"Mm," alisema Fundi.

"Nilijua utanielewa. Nilimwambia shemeji yako, huyu nimemlea, hawezi kuniaibisha."

Fundi alichomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa. Zilibaki nyingi. Zilipokwisha, Karani alishuka kwenye kigoda, akiwa ameshaanza kuzungumza juu ya mabati.

*

Mama Pacha alipata habari kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa kwenye foleni, debe lake miguuni, mke wa Karani alipokuja kusimama karibu naye, akamshika bega kwa upole.

"Mdogo wangu, msije mkahangaika. Mahindi yaliyosimama ni yenu. Mvune kwanza, mtulie, ndipo tuhamie upande ule. Sisi hatuna haraka."

Mashine ilikuwa inanguruma, na hata hivyo wanawake wa foleni walisikia, wakaangalia madebe yao.

"Ahsante, dada," alisema Mama Pacha.

Alisema hivyo kwa sababu mtu akikwambia neno kwa upole unamshukuru. Ni njiani, unga wa moto kichwani, alipoelewa alichoshukuru. Alisimama. Akashusha debe chini, akaliangalia. Kisha akajitwisha tena, kwa kuwa unga hauwezi kukaa njiani.

Fundi alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Umemwambia nini kaka yako?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya shamba."

Aliuweka mkasi. "Sikumwambia kitu."

"Mkewe anasema umekubali."

"Sikukubali. Nilikuwa na pini mdomoni."

Mama Pacha alisubiri hasira ije, kama mtu anavyosubiri chafya. Alihisi inakuja, inakaribia, kisha ikapotea, na mahali pake pakabaki penye ganzi.

"Ungezitoa," alisema.

"Kitu gani?"

"Pini."

Fundi alitazama mikono yake. "Yule ni kaka yangu, Mama Pacha. Alinilipia ufundi. Hii cherehani alininunulia yeye. Nitaanzia wapi?"

Mama Pacha aliingia ndani kukorogea wagonjwa wawili uji, maana mama mkwe alikuwa anaumwa miguu na jirani alikuwa amemwachia mtoto mwenye surua. Alipika, akanywesha, akaosha vyombo. Jioni mmoja wa pacha alipiga simu kutoka shuleni kwa simu ya matroni.

"Mama, mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ikoje?"

"Kama ya mtu anayesoma ubaoni."

"Ni mtandao, mwanangu. Mwenzako hajambo?"

*

Alikwenda kituoni kwa miguu. Ofisi ya Bibi Shamba ilikuwa chumba kimoja kilichojaa vifuko vya udongo hadi kwenye kiti cha wageni, ikabidi viondolewe ili akae. Bibi Shamba alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Aliniuliza mbele ya watu kama kutakaa vizuri. Nami nikamjibu kama mwanafunzi aliyekariri jibu la mtihani."

"Si kosa lako. Ungemdanganya?"

"Hapana."

"Basi." Mama Pacha alikunja ncha ya kanga yake. "Nimekuja kuuliza. Kuna namna ya kusema kile cha chini ni cha nani?"

Bibi Shamba alifikiri kweli, hakujifanya kufikiri. "Naweza kusema kimebadilika. Naweza kusema kimebadilishwa na nini. Ni cha nani, hapo hata mkuu wa kituo hana kipimo." Kisha akasema, "Wakikaa kikao, nitakuja. Hata wakinifukuza."

Hawakumfukuza. Walimpa kiti kizuri kuliko vyote, na hiyo ilikuwa njia ya kumwonyesha kwamba ni mgeni. Kikao kilikuwa chumbani kwa mama yao, kwa sababu miguu yake haikumruhusu kutoka. Bibi kizee alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu iliyovimba imewekwa kwenye beseni la maji ya chumvi ambalo Mama Pacha alikuwa ametoka kulileta. Karani na mkewe walikaa kwenye benchi. Fundi alisimama mlangoni, hajaingia wala hajatoka.

Karani alisema yake, kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea mikutano. Alipomaliza, Bibi Shamba aliomba nafasi.

"Mimi si wa ukoo, nisamehewe. Lakini nimeshuka kwenye mashimo yote mawili. Siku zile yangefanana kama shimo moja. Udongo wa pande hizi mbili ulikuwa sawasawa, nilipima mwenyewe. Tofauti mnayoiona leo ni kazi ya mtu. Ipo mle chini, nimeiona kwa macho."

"Hakuna anayebisha, mwalimu," alisema Karani. "Ndiyo maana tunautaka."

Alisema kweli tupu, na kwa kuwa ilikuwa kweli tupu chumba kilikosa la kufanya. Mke wa Karani alikohoa. Mama yao alichezesha vidole vya miguu ndani ya maji.

"Nami nina neno," alisema Mama Pacha. Alikuwa amechuchumaa karibu na beseni, taulo mkononi.

"Sema, mwanangu," alisema mama mkwe.

"Shemeji, sikatai wewe ni mkubwa. Lakini lile shamba nimelilea. Nilipoanza kulilima palikuwa kama kule."

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alisema Karani. "Samadi yako uliyoweka, ichukue. Ijaze kwenye magunia, nitakupa na vijana wa kukubebea. Sitaki mtu aseme nimekula jasho la mke wa mdogo wangu."

"Nitachukua ipi? Iliyo juu ni ya mwaka huu. Nyingine imeshuka."

"Basi iliyoshuka imeingia kwenye ardhi ya baba." Alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Cha juu ni cha mlimaji. Cha chini ni cha ukoo. Au nimekosea, Mama?"

Bibi kizee alimtazama mwanawe wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kwake sauti ya simu na kitambaa cha sikukuu. Akamtazama mkwe wake, ambaye alikuwa akimwosha kila siku. Ilikuwa rahisi kuona kwamba angependa mtu mwingine aamue.

"Nyote mmetoka kwangu," alisema mwishowe. "Mwenye fungu ni huyu." Alielekeza kidevu mlangoni. "Wewe, baba. Una neno?"

Wote waligeuka. Fundi hakuwa na kitu mdomoni. Alifungua midomo, akaifunga, akailamba. Mama Pacha hakumtazama usoni. Alitazama mikono yake, ile iliyokuwa laini kuliko yake, namna ilivyokuwa ikitafuta kitambaa cha kushika na kukikosa.

"Kaka ni kaka," alisema Fundi.

"Haya," alisema mama yao, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. "Yamekwisha. Maji yamepoa, mwanangu."

Mama Pacha aliinua mguu wa kwanza kutoka kwenye beseni, akaukausha, akaupaka mafuta, akaushusha kwenye mkeka. Kisha akaukausha wa pili. Bibi Shamba aliinuka, akasema kwaheri kwa kila mtu kwa zamu. Alipofika kwake aliinama, magoti yake yakalia, akamgusa bega, akatoka.

*

Walivuna. Mahindi yalikuwa mazuri, na majirani waliopita walisema "Mungu amekujalieni" na kuharakisha hatua. Mavuno yalipoingia ghalani Karani alikuja na kamba, akaikaza kando ya mtaro, ingawa mtaro wenyewe ulikuwa mpaka wa kutosha.

Kabla ya mvua lori la kituo lilileta jasi. Lilipita mbele ya baraza, halikusimama, likaenda kuteremsha magunia kwenye nyumba mpya yenye mabati. Bibi Shamba alishuka na kurudi nyuma kwa miguu. Alimkuta Mama Pacha anafagia uwanja.

"Utafiti unafuata shamba," alisema. "Haufuati mtu. Nilijaribu kuomba."

"Najua, mama."

"Nikikuletea gunia moja la kwangu mwenyewe?"

"La nini?"

Upepo ulikuwa umeanza kutoka upande wa mvua. Mama Pacha alimaliza kufagia hadi miguuni pa mgeni wake, akasubiri asogee, akafagia na pale.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye ghala la mbegu, kule barabara kuu, akaandikishwa kazi ya kuchagua. Wanawake walikaa kwenye mstari, mbegu zinamwagwa mbele yao, nao wanatoa zilizovunjika na zilizotobolewa. Msimamizi alikuwa kijana mwenye filimbi. Aliwaita wote "mama" na kuwakata ujira wakichelewa. Alimuuliza kama ana ujuzi wowote.

"Sina," alisema Mama Pacha.

Kazi ilimfaa. Macho yalifanya, vidole vilifanya, na yeye mwenyewe hakuhitajika. Jioni alirudi, akapika, akamwosha mama mkwe. Fundi alimuuliza mara moja tu, akiwa ameinamia sahani, "Kule upande wetu mpya utapanda lini?"

"Sitapanda," alisema.

"Tutakula nini?"

"Nitanunua." Akamwongeza mboga.

Alitafuna muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kaka yake mwenyewe alikuwa amemwonya, wanawake wana kelele lakini hupoa. Alikuwa ameziwekea kelele hizo majibu, mengine mazuri. Sasa majibu yalimkaa kooni bila kazi.

Mvua zilipoanza, alipanda Fundi mwenyewe. Alipanda kama mtu anayeshona, mistari iliyonyooka kabisa, na mbegu zikaota, zikafika kimo cha goti la mtoto, zikasimama. Mvua kubwa ya pili ilipokuja, maji hayakwenda popote. Yalitanda upande mzima wa mtaro, ya rangi ya chai ya maziwa, na vichipukizi vya mahindi vikasimama humo vimegeuka manjano. Upande wa pili wa mtaro Karani alikuwa amejitokeza uwanjani na nguo za kulalia, anaangalia shamba lake linavyokunywa. Alimpungia mdogo wake mkono. Fundi alimpungia naye.

Asubuhi hiyo Mama Pacha alitoka kwenda ghalani mapema, kandambili mkononi, kanga imepandishwa. Njia ya mkato ilipita kando ya shamba. Alimkuta mumewe katikati ya maji, suruali imekunjwa, na toroli limejaa samadi limezama gurudumu. Cherehani ilikuwa imefunikwa barazani, na wateja wawili walikuwa wamekaa wakimngojea na vitambaa vyao magotini. Hakuna aliyewahi kumwona Fundi na toroli.

"Mama Pacha," aliita.

Alisimama.

"Nimeagiza jasi. Kidogo. Bibi Shamba amenionyesha wanapouza." Alijipangusa uso kwa mkono, akajipaka matope. "Nilitaka kukuuliza. Kule kulichukua muda gani? Mpaka maji yakaanza kuingia?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Alikuwa na uso wa mtu anayehitaji jibu ili aweze kuinua toroli.

Mama Pacha angeweza kumwambia. Kwamba msimu wa kwanza haukuonyesha kitu, na wa pili na wa tatu. Kwamba watoto walipoanza kutembea maji yalikuwa bado yanalala juu, akawafunga kamba kiunoni wasiende kuzama. Kwamba walipong'oka meno ya mbele aliona, asubuhi moja baada ya mvua, dimbwi lililokuwa kubwa limekuwa dogo, akasimama kando yake hadi likaisha, hana wa kumwambia isipokuwa aliyekuwa barazani, na aliyekuwa barazani alikuwa na mashine inayolia. Haya yote yalikuwepo, yamejipanga. Aliyaangalia kama mbegu kwenye meza.

"Ulikuwepo," alisema.

"Ndiyo," alisema Fundi. Akangoja aendelee.

Mke wake alishika pindo la kanga vizuri zaidi, akaanza kupanda kuelekea barabarani. Matope yalikuwa mazito na aliweka kila hatua kwa uangalifu, kwa kuwa kijana wa filimbi hakukubali sababu ya matope. Nyuma yake alisikia toroli likisukumwa, likikwama, likisukumwa tena, kisha mzigo ukimwagwa kwenye maji. Halafu gurudumu likaanza kulia kurudi mazizini, tupu, na alilisikia hadi alipofika lami na kuvaa kandambili.